Swali la Erastus

Sisi watu wa pwani tumelelewa kwa adabu, na adabu yetu ina mambo yake. Mtu akiwa na chongo hatumwambii ana chongo. Akiwa na kigugumizi tunangoja amalize neno lake huku tumegeuza uso pembeni, kana kwamba dirishani kuna jambo. Mama zetu walitufinya masikio kwa hilo tungali wadogo, na kila mfinyo ulikuja na maneno yale yale: hujafa hujaumbika. Mwinyihaji wa Likoni alifinywa kuliko wengi. Alipokuwa mtu mzima, afisa wa wafanyakazi katika ghala moja la chai kule Changamwe, hakuna aliyemfikia kwa adabu, na ni adabu hiyo hiyo iliyomtia aibuni.

Ghala lilipokea chai kutoka bara, likaichanganya, likaipakia na kuipeleka bandarini. Vumbi la majani liliingia kila mahali, hata ndani ya mkate wa saa nne. Karibu na mlango mkubwa kulikuwa na chumba kidogo, na humo alikaa Mwanasaumu, opereta wa simu, mwanamke wa Mishomoroni ambaye surua ilimpofusha akiwa mtoto. Swichibodi yake ilikuwa ya zamani, ya nyaya na vitundu. Simu ikiingia, kijilango cha shaba kilidondoka juu ya kitundu chake, na kidole cha Mwanasaumu kilikuwa kimeshafika. Alijua nani anapita nje kwa nyayo zake. Tena alikuwa na sauti ambayo mteja aliyepiga simu ili agombe alijikuta anauliza habari za nyumbani.

Tumpe Mwinyihaji haki yake: yeye ndiye aliyemwajiri, wakati wenziwe wote walisema jambo hilo haliwezekani. Tangu siku ile hakuwahi kumtajia macho yake, wala hakuruhusu mwingine amtajie. Neno kipofu lilipigwa marufuku ofisini. Karani Milcah, alipokuwa mgeni, aliropoka siku moja "yule opereta asiyeona", akasomewa hotuba ndefu mpaka chai yake ikapoa. Hata "tutaonana kesho" hawakuthubutu kumwambia Mwanasaumu, walisema "tutakutana". Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwaaga kila jioni, "Haya, tutaonana," na wote wakatazama chini kwa niaba yake.

Mwaka wa themanini na tisa ikaja mashine mpya ya simu, imefungwa kwenye sanduku, na harufu ya plastiki. Haikuwa na nyaya wala vijilango vya shaba. Ilikuwa na vitufe na mataa madogo, jekundu hapa, kijani pale, na kazi yote ilikuwa katika kuyatazama. Meneja Absalom alimwita Mwinyihaji akamwambia itafungwa Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, na ile ya zamani ing'olewe siku hiyo hiyo. Opereta akiiweza, vizuri. Asipoiweza, atafutwe mwingine, na huyu aliyepo aambiwe mapema, kwani kampuni haina kiti cha mtu kukalia bure. Absalom hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja kisha akaingia kwenye jambo jingine.

Mwinyihaji alitoka pale akajiambia kuwa Mungu atafungua njia. Tukisema hivyo, mara nyingi tunamaanisha kuwa sisi wenyewe hatutaki kuitafuta.

Wa kwanza kumfikia Mwanasaumu akawa Erastus, fundi wa umeme na simu, kijana wa bara, upande wa Kakamega. Kiswahili chake kilinyooka kama msumari. Aliingia chumbani mwa opereta asubuhi moja, bisibisi mfukoni, vibarua wawili wakiwa mlangoni wakingoja kupiga simu, akasema: "Mama, wewe huoni, na mashine mpya ina mataa tu. Utafanyaje kazi?"

Vibarua walitoweka. Mwanasaumu alivuta mtandio wake mbele, akamjibu kwa upole kwamba ana simu za kupokea. Saa ya chakula alikuwa mlangoni kwa Mwinyihaji, mkono ukutani.

"Bwana Mwinyihaji, mimi na wewe tuna miaka," alisema. "Leo nimetajiwa mato yangu mbele za watu, na kijana naweza kumzaa. Na hiyo mashine ya mataa anayoinena ni ipi?"

Mwinyihaji aliona haya kama aliyevuliwa nguo. Alisimama, akamvutia kiti, akamwambia, wallahi, jambo hilo halitarudiwa. "Usimsikize, dadangu. Watu wa bara hawajui kusema na watu. Hakuna la kukuhangaisha."

Tazama alivyofanya. Aliulizwa mambo mawili akajibu moja, na kwa lile la pili akatandika neno zuri juu yake. Mwanasaumu aliinuka moyo umetua, maana neno la Mwinyihaji kwake lilikuwa kama neno la kakake. Alimshukuru, akarudi kwenye vijilango vyake vya shaba.

Kisha Erastus akaitwa. Alisimama mbele ya meza akasikiliza maneno ya adabu na heshima na wakubwa, na yalipokwisha akajitetea. Kuna kifaa, alisema, cha kuongezwa kwenye mashine mpya, wauzaji wa Nairobi wanacho. Kiko cha namna mbili. Cha kwanza, badala ya taa kuwaka, kipini kinachomoza na kidole kinakigusa. Cha pili kinatoa milio, kila laini na mlio wake. Lakini mwenyewe lazima achague, kwa sababu vidole ni vyake na masikio ni yake, na kukileta kutachukua wiki kadhaa, kwa hiyo swichibodi ya zamani isiguswe mpaka hapo. Linalotakiwa ni neno la afisa kwa meneja, basi.

"Nilikuwa nataka kujua anataka kipi," Erastus alisema.

Mwinyihaji aliyasikia yote na akayaelewa yote. Alichojibu ni kwamba mtu mzima haulizwi hivyo, na kwamba aende akaombe radhi. Erastus akaenda, akaomba radhi, na kwa heshima ya mkubwa wake hakulitia tena mdomoni jambo hilo. Mwinyihaji alibaki akijiambia kuwa atamuuliza mwenyewe, kwa utaratibu, kwa maneno yanayofaa. Kila asubuhi aliyatafuta maneno hayo kwenye feri ya Likoni, na kila asubuhi feri ilifika ng'ambo hajayapata. Angeanzaje? Kumuuliza juu ya kile kifaa ni kumtajia macho. Halafu sasa ilikuwa pia ni kukiri kwamba alimdanganya. Siku zikaenda, na mwezi ukaelekea ukingoni.

Wiki ya mwisho kampuni ikapata mwaliko. Maafisa wa wafanyakazi wa Mombasa walikuwa wakiitwa kwenye semina ya siku tatu, Jumatano hadi Ijumaa, katika hoteli moja ya Nyali, wafundishwe jinsi ya kuwasaidia wafanyakazi wenye ulemavu. Absalom alimtuma Mwinyihaji, naye akacheka. Kumfundisha yeye jambo hilo, aliwaambia makarani, ni kama kumfundisha Mdigo kukwea mnazi.

Hotelini kulikuwa na maji baridi kwenye bilauri na pipi za mnanaa kwenye visahani, na maafisa walianza na pipi. Mkufunzi alikuwa mwanamke aitwaye Pascalia, wa makamo, akitembea kwa mikongojo. Kabla ya yote alisema: "Mguu wangu huu ulipooza nikiwa mtoto. Mnaweza kuutazama, nami niendelee na kazi." Maafisa wa kutoka bara wakautazama. Wa pwani wakatazama dari. Mwinyihaji aliitazama feni mpaka shingo ikamuuma.

Pascalia akawataka kila mmoja aeleze habari za mfanyakazi mwenye ulemavu kazini kwake. Wengi hawakuwa naye, wakaeleza kwa nini hawana, sababu ndefu zisizo na kichwa wala miguu. Zamu ya Mwinyihaji ilipofika aliwaeleza habari za Mwanasaumu: alivyomwajiri watu wakimcheka, alivyo hodari, wateja wanavyomsifu, na jinsi katika ofisi yake hakuna anayethubutu kumvunjia heshima. Alieleza vizuri. Ukumbi ukampigia makofi. Pascalia akafurahi, akaomba mama huyo aje Ijumaa awazungumzie, na Mwinyihaji, bado amelewa makofi, akasema inshallah.

Ndipo somo lenyewe likaanza. Pascalia aliandika ubaoni maneno mawili, muulize mwenyewe, akasema hayo ndiyo yaliyomleta kutoka Nairobi na mengine yote ni maelezo yake. Mtu akiumia, au mashine ikibadilika, au ngazi zikimshinda, asiulizwe mumewe, asiulizwe mkubwa wake, aulizwe yeye anataka nini ili afanye kazi. Alisema ameona watu wengi wakipoteza kazi zao, na wachache mno walifukuzwa na watu wabaya. Wengi waliondolewa na watu wenye huruma, walioamua kwa niaba yao na wakaona haya kuwaambia.

Mwinyihaji aliacha kuandika. Akilini alimwona Erastus amesimama mbele ya meza yake, na bisibisi mfukoni. Kijana yule hakuhudhuria semina yoyote, na alichosema kilikuwa kile kile kilichoandikwa ubaoni, naye Mwinyihaji alimtuma akaombe radhi kwa kukisema.

Mchana wakafungwa vitambaa machoni, wawili wawili, mmoja anaona na mmoja haoni, wakaambiwa waende wakanywe chai. Mwinyihaji aliongozwa na Tsuma, afisa wa kiwanda kimoja cha jirani, mtu mcheshi mwenye mkono mzito. Alimsukuma mpaka mezani. Mhudumu akauliza, "Huyu atakunywa nini?" na Tsuma akajibu, "Mtilie ya maziwa." Tumbo la Mwinyihaji na maziwa halipatani hata kidogo. Alipokea kikombe, akasema ahsante, akanywa mpaka mwisho, maana kukataa kitu ulichokwisha kupewa si uungwana. Wenzake walipofungua vitambaa wakicheka, yeye alibaki na chake usoni kidogo, kwa sababu alikuwa ameona aibu na hakutaka waione.

Alhamisi, saa ya chakula, hakula. Alivuka mpaka Changamwe kwenda kumwambia Mwanasaumu kila kitu. Alikuwa ameamua, na njia nzima alikuwa akirudia maneno: dada, nilikudanganya, kuna mashine, nakuuliza. Alifika mlangoni mwa chumba cha simu, na Mwanasaumu akazijua nyayo zake kabla hajabisha.

Hapo ndipo salamu zetu zilipomwokoa, au zilipomwangamiza, chagua mwenyewe. Alimwuliza hali, akajibiwa njema alhamdulillahi. Aliulizwa yeye hali, na wa nyumbani, na mama mzee wa Likoni na miguu yake, na yule binti aliyeolewa Mtongwe, na mjukuu ameota meno? Akamwuliza naye shangazi wa Mishomoroni, na paa la shangazi, na mvua. Kila jibu lilileta dua, na kila dua ikaleta amina. Salamu zilipokwisha, yale maneno yake manne alikuwa hayaoni tena. Yaliyomtoka ni mwaliko: kesho kuna watu wakubwa Nyali, wanataka kukusikia.

Mwanasaumu aliweka mkono kifuani. "Mie?" aliuliza. "Nikanene nini mbele za watu hao?"

Alimwambia aseme lolote la moyoni mwake. Mwanasaumu akaanza kuwaza kwa sauti: ile buibui mpya, ile leso ya Idi, amwombe nani amsuke. Alikuwa na furaha kama msichana, na Mwinyihaji akasema moyoni, nitamwambiaje leo, nimharibie siku yake? Nitamwambia baada ya hotuba. Ni huruma tena iliyosema hivyo, huruma ile ile. Alitoka akapishana na Erastus aliyekuwa anakagua nyaya za mashine mpya ukutani, tayari kwa Jumatatu. Erastus alimwamkia, "Shikamoo mzee," akainama kazini kwake. Mwinyihaji aliitikia marahaba huku anaharakisha, na mpaka anarudi Nyali alikuwa akijitukana.

Ijumaa asubuhi gari la kampuni lilimchukua Mwanasaumu Mishomoroni. Mwinyihaji alikuwemo, amekaa mbele na dereva. Gari lote lilinukia asumini. Mara mbili alifungua kinywa, na mara mbili dereva akasema neno juu ya barabara, naye akamshukuru Mungu kwa maneno ya dereva.

Ukumbini Mwanasaumu alipewa kiti mbele. Hakutaka kipaza sauti. Aliwasalimu, akawaombea, akaanza kueleza alivyojifunza kazi ya simu, alivyoogopa siku ya kwanza, na jinsi alivyojua kila kijilango kwa mahali pake kama mtu anavyojua vyombo vya jikoni kwake. Watu walicheka alipoigiza wateja. Kisha akasema anataka kuwaambia habari za mkubwa wake, kwa sababu mkubwa kama huyo ni nadra.

"Bwana Mwinyihaji tangu aniandike kazi hajanitajia mato yangu hata siku moja," alisema. "Hata siku moja. Juzi akaja kijana, fundi, akanitaja mbele za watu kwamba sioni, kisha kuna mashine ya mataa, sijui nitafanyaje. Nililia, siwafichi. Nikamwendea Bwana Mwinyihaji. Akamwita, akamtia adabu, kijana akaja kunitaka radhi. Mkiwa na wafanyakazi kama mie, kuweni kama yeye."

Maafisa wa pwani wakapiga makofi. Tsuma alimpiga Mwinyihaji begani kwa ule mkono wake mzito. Pascalia hakupiga makofi. Alikuwa amemtazama Mwinyihaji, na baada ya kumtazama alimgeukia mgeni wake, akamwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa ikiwa lile swali la fundi lilipata jibu.

"Lilipata," alisema Mwanasaumu. "Bwana Mwinyihaji alinijibia. Alisema hakuna la kunihangaisha."

Pascalia angeweza kuuliza zaidi, na hakuuliza. Mwinyihaji alijua kwamba ameachiwa nafasi, na kwamba akikaa kimya wataingia kwenye jambo jingine, watakunywa chai, ataswali Ijumaa yake, na Jumatatu asubuhi Mwanasaumu ataingia chumbani mwake, atanyoosha vidole, na hakutakuwa na kitu. Hilo la mwisho ndilo lililomwinua. Aliona vidole vile vikitafuta.

"Dada Mwanasaumu," alisema akiwa amesimama, na ukumbi ukageuka. "Mashine iko. Imeshafika, ni ya mataa, na inafungwa Jumatatu, na wewe huwezi kuitumia hivyo ilivyo. Nilijua tangu mwanzo. Erastus aliniambia kuna kifaa cha kukufaa, na kwamba uulizwe wewe unataka kipi. Alikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekudanganya."

Mwanasaumu uso wake haukubadilika, ila mikono yake, iliyokuwa ikicheza hewani alipokuwa akieleza, ilishuka mapajani na ikakaa. Mwinyihaji alitaka agombe, au alie. Alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo mawili, na angalifarijika kwa lolote kati yake.

"Siku zote hizo," Mwanasaumu alisema, "ulikuwa wapita mlangoni mwangu waniuliza hali."

"Ndiyo."

"Na mie nilimfukuza kijana wa watu." Akainuka kitini. "Nipelekeni kwenye simu."

Mwinyihaji alikuwa wa kwanza kufika, mkono mbele, kiwiko kimekunjwa vile walivyofundishwa Jumatano. Mwanasaumu alinyoosha mkono wake upande wa pili, ukampata Pascalia begani. Wakaenda hivyo polepole, mikongojo ikigonga sakafu na Mwanasaumu akifuata mgongo wake, mpaka mapokezi. Mwinyihaji alitembea nyuma yao, hana kazi.

Mapokezi walimpa simu. Alipapasa duara la namba, akazungusha namba ya ghala bila kusita. Kwenye kiti chake kule Changamwe alikuwa amewekwa Milcah kwa siku hiyo, na Milcah alimkatia laini mara mbili kabla ya kumpata fundi.

"Erastus, mwanangu," alisema. "Ni mimi Mwanasaumu. Lile swali uliloniuliza siku ile, niulize tena."

Mwinyihaji hakusikia upande wa pili. Aliona tu kichwa cha Mwanasaumu kikitikisika.

"La, usitake radhi, ulishaitaka bure. Uliza." Akasikiliza. "Ndiyo, sioni. Sioni kabisa, hata nuru. Sasa hicho chako ni cha namna gani?" Akasikiliza tena, muda mrefu, huku kidole chake kikigonga meza ya mapokezi, kimoja kimoja, kama kinavijaribu vipini ambavyo bado haviko. "Cha kugusa. Cha milio sikitaki, masikio yangu yana wateja. Cha kugusa." Kisha akasikiliza mara ya mwisho, akageuza uso kule alikojua Mwinyihaji amesimama, akamnyooshea mkono wa simu.

"Asema ile ya zamani yang'olewa Jumatatu, ila wewe uiombee kwa meneja. Amekwenda kumwita. Sema naye, na mie nisikie."

Mwinyihaji alishika simu. Absalom alipokuja kwenye laini, ulimi wenyewe ukaanza safari yake: habari za mchana, za kazi, na za nyumbani je? Pembeni yake alisikia Mwanasaumu akivuta pumzi. Salamu zikamfia mdomoni.

"Opereta wetu ni kipofu," alisema, na karani wa mapokezi akainua macho. Lilikuwa neno alilolipiga marufuku yeye mwenyewe, na sasa alilisema mwenye nalo akiwa karibu kiasi cha kumgusa. "Mashine mpya haitamfaa mpaka iongezwe kifaa. Ameulizwa leo, amechagua. Naomba ya zamani isiguswe Jumatatu. Na ilikuwa kazi yangu kumuuliza tangu mwanzo wa mwezi, sikumuuliza."

Absalom akataka kujua kwa nini hakumuuliza. Mwinyihaji alitafuta jibu, na alilokuwa nalo lisingeeleweka na mtu wa bara, na siku hiyo hata yeye mtu wa pwani hakulielewa. Alisema hana sababu. Absalom akaguna, akasema ya zamani itabaki mpaka kifaa kije, na Jumatatu Mwinyihaji apite ofisini kwake kabla ya kwenda popote. Akakata.

"Amekubali," Mwinyihaji alimwambia Mwanasaumu.

"Nimesikia," alijibu.

Gari liliwarudisha Mishomoroni, dereva akiwa na mazungumzo na wao hawana. Mwinyihaji alitaka kuomba radhi kwa utaratibu, kwa maneno yanayofaa, akakumbuka kwamba ni maneno hayo hayo yaliyomtoa njiani mwezi mzima. Akasema nisamehe, basi, bila ya kuongeza kitu. Mwanasaumu alijibu kwamba Mungu ndiye mwenye kusamehe, nalo ni jibu la heshima, na halina chochote ndani yake.

Walipofika, alishuka mwenyewe akishika mlango wa gari. Kila jioni ya miaka yote ile alikuwa akimuaga kwa kusema tutaonana. Siku hiyo alisema "Haya," akatafuta ukuta wa nyumba ya shangazi yake kwa mkono, akaufuata mpaka ndani.